Mjomba wa Kukodi

Harusi nazipenda mpaka leo, na hilo ndilo watu hawalielewi. Wanadhani mtu aliyevunja ya kwake mbele ya wazee, sinia la mahari limeshafunuliwa, lazima azichukie. Wapi! Nikisikia matarumbeta yanapita Msimbazi juu ya gari la wazi, naacha khanga zinaning'inia, nakimbilia barabarani kumwangalia bibi harusi amefungwa vipi ushungi. Mteja akinung'unika namwambia, "Dada subiri, bei ipo palepale, anayepita ni bibi harusi."

Nauza khanga na vitenge Kariakoo, kwenye baraza ya duka la mtu. Shule niliishia kidato cha pili. Mambo ya sheria na ya dini yana wenyewe. Mimi naandika ya nyumbani kwetu, na nyumbani kwetu maana yake ni Mjomba.

Ni kaka wa mama yangu, tumbo moja. Mama alipofariki sikuwa nimeanza hata chekechea, na baba alikuwa ameshajiendea zake. Watu walipokaa baada ya arobaini kuamua mtoto aende wapi, mama mkubwa, dada yao, akaanza kutaja vinywa alivyonavyo nyumbani kwake. Mjomba akamkatiza: "Nipeni mimi." Alikuwa kijana, hana mke, anaishi chumba na sebule kwenye nyumba ya Kiswahili nyuma ya soko. Hakuna aliyeshangaa. Sisi Wazaramo mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Akiumwa anaulizwa mjomba, akiposwa anaulizwa mjomba.

Basi akanilea. Alinisuka mwenyewe, tena vizuri kuliko mama za wenzangu. Alinifundisha kupika wali wa nazi usiogandamana, kukunja doti ya khanga pindo lisipishane, na kucheka hata kama sina cha kuchekea. "Cheka," aliniambia, "uso ukinuna unawapa watu kazi ya kuuliza." Watu husema mimi mchangamfu. Ni malezi tu.

Kazi yake ilikuwa kupamba maharusi. Hina, piko, nywele, ushungi, kumfukiza mwali udi mpaka nguo zishike, hata kumfundisha namna ya kushusha macho bila kuonekana amelala. Kwa jinsi mama mkubwa anavyosimulia, enzi hizo hakuna mwali wa Kariakoo aliyetolewa ndani bila watu wa aina ya Mjomba. Ngoma za wanawake zilichezwa uani, na mwanamume akichungulia anatimuliwa kwa mwiko wa pilau. Ila wao waliingia. Walipiga ngoma, waliimba, walikoroga sufuria, walirushiana maneno na wanawake mpaka watu wakalala chini kwa kucheka. Kila mtu alijua ni watu gani. Walikuwa na majina ya kuitwa, mengine ya utani, mengine machungu, na Mjomba hajawahi kuniambia kwamba zama zile zilikuwa pepo. "Walinipenda kama unavyopenda udi," alisema siku moja. "Sherehe ikiisha, chetezo kinawekwa nje." Lakini hakuna aliyekuja kumgongea mlango kwa shari.

Na alikuwa na mtu wake. Fundi wa reli, mpole, mwenye viganja vipana kama sahani. Alikuja kila Jumapili, akala na sisi, akamsaidia Mjomba kuchekecha hina kwa kitambaa cha leso, jambo ambalo usingetegemea mikono ile iliweze. Wanawake wa uani walimwita shemeji. "Shemeji, leo mfukoni kuna nini?" Naye anacheka, anatoa karanga za kukaanga kwenye karatasi. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila nyumba ina shemeji wa namna hiyo. Sikuona ajabu, na hata sasa ajabu siioni. Niliona watu wawili wanakunywa chai, mmoja anamwambia mwenzake asizidishe sukari.

Sasa yaligeukaje? Mjomba ana maelezo yake na mimi nina yangu. Mimi nasema ilianza ua ulipokwisha. Nyumba za Kiswahili zilibomolewa moja baada ya nyingine, yakapanda maghorofa ya maduka, na sherehe zikahamia ukumbini. Uani kulikuwa na ukuta, na waliomo ndani walijuana. Ukumbini kuna mshereheshaji, kuna kamera, na kila mtu ana simu mkononi kama tasbihi. Utani wa wanawake wa mtaa mmoja ukawa habari ya nchi nzima. Halafu redioni wakaanza, misikitini wakaanza, makanisani wakaanza, na wakubwa nao wakashika vipaza sauti wakatuambia watu hawa wametoka Ulaya, tuwataje walipo. Mtu kitovu chake kimezikwa Kariakoo anaambiwa katoka Ulaya! "Mimi hata Zanzibar sijafika," Mjomba alisema, akaendelea kupepeta mchele.

Klipu iliyomponza Mjomba haikuwa na kitu. Ni Mjomba anacheza kwenye sherehe ya kumuaga binti, amejifunga khanga kiunoni, wanawake wanamtunza. Jambo alilolifanya maisha yake yote. Mtu akairekodi, akaongeza maneno yake ya kejeli juu, ikazunguka. Mimi nilitumiwa na mteja wangu asiyejua ni nani wangu: "Hebu mcheki huyu, nimecheka mbavu sina." Nikamjibu kwa kicheko. Ningesema nini? Siku chache baadaye polisi wakaja kumchukua, mchana kweupe, anaanika taulo.

Nilipeleka chakula kituoni. Wakakichomachoma kwa kijiti, wakaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni mwanawe. Wakacheka mpaka mmoja akajifuta macho. Wakampeleka hospitali kumpima. Sitaandika walimpima nini. Aliporudi alikuwa hawezi kukaa sawasawa, akaniambia aliteleza kwenye ngazi. Mahakamani hakufikishwa. Aliachiwa kama alivyochukuliwa, bila maelezo, na mimi niliona hiyo ni heri, mpaka nilipoona mtaa unavyomtazama. Mtu akishachukuliwa, watu hawaulizi alirudi kwa nini.

Kwenye nyumba yetu alikuwepo mpangaji mmoja, mzee aliyestaafu ukarani wa mahakama. Jioni hiyo alikuja kumpa pole, akakaa kwenye kigoda mlangoni. "Hii sheria ni ya Mwingereza," alituambia. "Alikuta watu wanaishi wanavyoishi, akaiandika, akaondoka. Kwake ameifuta. Sisi tukaitunza, tukaiongeza na makali. Siku hizi mtu anaweza kufungwa maisha."

Mjomba alikuwa amelala kifudifudi, uso ukutani. "Kumbe," akasema, "kilichotoka Ulaya ni hicho."

Yule mzee akacheka. Mimi sikucheka, na ndiyo mara ya kwanza nakumbuka kuyaasi malezi yangu.

Fundi wa reli hakuja tena. Tulikutana naye siku moja Gerezani, karibu na kituo cha mwendokasi, akavuka upande wa pili wa barabara kwa haraka mpaka dereva akampigia honi. "Ana watu wake nyumbani," Mjomba akasema, "afanyeje?" Wateja wa Kariakoo nao wakakatika mmoja mmoja, kila mmoja na sababu nzuri. Wakabaki wa Upanga, familia za Kihindi zilizompenda kwa mkono wake wa hina. Wanamtumia bajaji, anapandishwa kwa ngazi za nyuma, anachora, anashuka kwa ngazi za nyuma.

Kipindi hicho ndipo nilipopata mchumba. Nisiseme uongo, nilifurahi mpaka nikawa sisikii njaa. Kijana anauza vipuri Gerezani, mcheshi, ana mwanya. Alikuja kununua kitenge cha mama yake, akarudi kukibadilisha, akarudi tena kukibadilisha, mpaka mwenye duka akaniambia, "Binti, huyu hatafuti kitenge." Nyumbani alikula chakula cha Mjomba na akaramba vidole. Mimi nikaanza kuota. Niliota ukumbi, niliota gauni, niliota duka langu mwenyewe la vifaa vya harusi, Mjomba kakaa kwenye kiti kirefu mbele ya kioo, anawafokea wateja.

Niliitwa kwao kutambulishwa. Ukutani sebuleni kulikuwa na picha ya harusi ya wazazi wake. Bibi harusi kakaa kwenye kiti, na nyuma yake, kashika ncha ya shela, kijana mwembamba anatabasamu kuliko hata bwana harusi. Nikasogea. Alikuwa Mjomba.

"Unamfahamu?" mama mkwe akauliza.

"Mjomba wangu."

Akashika mdomo. "Usiniambie! Ndiye aliyenipamba! Mwulize baba yako hapo, alimtunza mpaka akavua saa ya mkononi akampa."

Mzee akakohoa kidogo. "Enzi hizo," akasema. "Tulikuwa vijana." Akaulizia kama chai inakuja.

Niliondoka nikiruka. Nikajua kila kitu kimejipanga chenyewe. Nilipokwenda tena, picha ilikuwepo palepale ila katika fremu mpya, ndogo. Ilikuwa imekatwa. Bibi harusi alibaki na kipande cha shela kinachoelea hewani, hakishikwi na mtu.

Ujumbe ulifika kwa mama mkubwa, si kwangu. Mzee alisema wanamtaka binti kwa moyo mmoja, ila yule bwana asikanyage kwenye mkeka wa mahari. Wao ni watu wa msikitini, watakuwepo ndugu wa mbali, watakuwepo watu na simu. Hana ubaya naye.

Hapa lazima nieleze mila ya ukoo wetu. Siku ya mahari mwali hakai peke yake. Wanaketi wasichana wanne, watano, wamefunikwa gubigubi khanga za aina moja, huwezi kujua nani ni nani. Wazee wa upande wa mwanamume wanaonyeshwa mmoja, wanamkataa kwa vifijo, wanaonyeshwa mwingine, ni mchezo wa kuchekesha. Wakishachoka, anaitwa mjomba. Anaingia, anaweka mkono juu ya kichwa cha mwali bila kumfunua, anasema, "Huyu ndiye mwanangu, nimemlea, nimeridhia." Hapo ndipo mahari inapokelewa. Mkono wa mjomba usipotua hakuna ndoa, hata kama shehe kakaa mlangoni na kofia yake.

Mama mkubwa akapata dawa. Dar hii wazee wa kukodi wapo. Kijana akikosa baba wa kumpelekea posa anakodi, binti akikosa babu anakodi. Yeye akampata bwana mmoja, fundi wa breki wa Gerezani, mwenye ndevu za heshima na sauti ya kutoka tumboni. Alishawahi kuwa baba mzazi Temeke na babu Buguruni.

"Sitaki," nikasema.

"Wewe nyamaza, mwenyewe kakubali," mama mkubwa akanijibu.

Nikamgeukia Mjomba. Alikuwa anakanda hina, hakuinua uso. "Siku hiyo nina kazi Upanga," akasema. "Mkono ni mkono, mwanangu. Ukishatua kichwani hauna jina."

"Una jina!"

"Nimekuambia utaolewa. Sikukuomba ushauri." Hajawahi kunifokea hivyo. Halafu akaenda chumbani, akatoa kwenye sanduku kanzu nyeupe ya darizi, ile aliyoishonesha nilipovunja ungo akaiweka na karafuu isiliwe na wadudu, akisubiri siku yangu. Akamkabidhi dada yake. "Mpe huyo fundi. Asije akamwoza mwanangu na mashati ya gereji."

Mama mkubwa aliipokea kwa mikono miwili, akageuka haraka. Alijua. Ni kaka yake, walinyonya titi moja. Alijua na aliipokea.

Siku yenyewe tulikuwa nyumbani kwa mama mkubwa, kule Gerezani. Wazee wa kiume walikaa sebuleni, sisi chumba cha pili, mlango uko wazi, pazia limefungwa pembeni. Mama mkwe alikaa pamoja na wanawake karibu na miguu yetu. Fundi wa breki alikuwa ameelekezwa vizuri: mwali ni wa tatu kutoka mlangoni. Alikuwa ameniona mara moja tu, jana yake, huku anakula.

Lakini joto la chumba kile, jamani, wasichana watano chini ya khanga! Binti wa mama mkubwa, ana mimba changa, akaanza kuzidiwa. "Dada, nisogee dirishani, natapika," akaninong'oneza. Tukabadilishana nafasi. Tulifunikwa, hakuna aliyeona.

Mchezo ulikwenda vizuri. Walikataa huyu, walikataa yule, vigelegele, mzee mmoja wa kwao aliyetoka Kisarawe akasema wa kwanza ana miguu ya mcheza mpira. Nilikuwa nacheka chini ya khanga, nakiri, kwa sababu harusi ni harusi. Kisha akaitwa mjomba.

Nilisikia kanzu inavyopita. Harufu ya karafuu, na chini yake harufu ya grisi. Ikapita mbele yangu. Ikasimama kwa jirani yangu.

"Huyu," akasema kwa ile sauti yake ya kukodi, "ndiye mwanangu. Mama yake alipofumba macho nilimchukua mdogo. Nimemlea kwa mikono yangu hii miwili, mchana na usiku. Nimeridhia."

Mama mkubwa akakohoa. Akakohoa tena, mpaka mtu akamgonga mgongoni akidhani amepaliwa.

"Baba," binamu yangu akasema kutoka chini ya khanga, "siyo mimi. Mimi nina mume."

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Walicheka wanawake, walicheka wazee, hata fundi wa breki akacheka, akasema miwani kaisahau. Ila yule mzee wa Kisarawe, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, ndiye aliyeacha kucheka mapema. "Khaa! Nimezeeka, mengi nimeona, lakini mjomba asiyemjua mwanawe, leo ndiyo kwanza. Wewe bwana ni mjomba wa wapi?"

Baba mkwe wangu alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Pengine ningeweza kuvumilia kosa la kichwa. Nilishindwa yale maneno. Mchana na usiku, kwa mikono yangu hii miwili. Nilijua ni mikono ya nani. Nikajifunua.

"Funika, mwanangu," mama mkwe akaninong'oneza, akinivuta khanga kwa upole. "Funika tu. Dunia ndiyo hii."

"Huyu siye mjomba wangu," nikasema kwa sauti. "Mjomba wangu yupo, mzima, yuko Upanga anafanya kazi. Baba mkwe anamfahamu, alimpambia mke. Aje aweke mkono wake, niolewe. Sina neno lingine."

"Mpigie basi!" mzee wa Kisarawe akasema, ametoa macho. "Si una simu? Mpigie, tumsikie."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa. Akapokea haraka, mchangamfu, huku nyuma kunasikika wanawake wanaongea Kigujarati. "Bibi harusi! Tayari?"

"Mjomba, njoo. Wazee wanakusikia. Njoo uweke mkono."

Nilisikia anatoka mahali, mlango unafungwa, kelele zinakatika.

"Wazee, shikamooni," akasema.

"Marahaba," wakamjibu wengine.

"Huyo binti ana mapenzi, msimchukulie vibaya. Mimi nilikuwa mpambaji tu, jirani, nilimzoea tangu mdogo. Sina udugu naye. Mjomba wake si huyo mliye naye hapo? Amekosea kwa macho, mzee wa watu. Endeleeni na shughuli yenu."

"Mjomba!"

"Binti, mimi siyo mjomba wako." Akakata simu.

Nimewahi kusikia watu wakimwambia Mjomba maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hakuna hata moja lililofika pale alipofika yeye mwenyewe na sauti yake ya kistaarabu.

"Basi, mmesikia," baba mkwe akasema, na sauti ilikuwa imemrudi. "Mwenyewe kasema. Binti kachanganyikiwa na furaha. Mjomba, malizia."

Wanawake wakanifunika tena. Vigelegele vikaanza kabla ya wakati, mama mkubwa ndiye aliyevianzisha. Fundi wa breki akasogea, safari hii amehakikisha kichwa. Niliuona ule mkono kupitia nyuzi za khanga, unashuka, kucha nyeusi, upindo wa darizi ya Mjomba kwenye kifundo.

Nikainamisha kichwa pembeni. Mkono ukatua hewani. Akasogeza. Nikakwepa tena. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, ndiyo maana nilikaa muda mrefu nikidhani pengine halijatokea kitu. Walifunika sinia lao. Walivaa viatu. Mama mkwe alinigusa goti akiondoka. Mchumba wangu, ambaye kwa desturi hakuwepo, alinitumia ujumbe baadaye: ananipenda, lakini nimemvua baba yake nguo mbele ya watu, na yeye ana baba mmoja. Sikumlaumu. Mimi nami nilikuwa na mmoja.

Nilichukua bajaji mpaka Upanga, hina mikononi, watoto wananipungia wakidhani napelekwa kwa mume. Nilimkuta anashuka zile ngazi za nyuma na kikapu chake. Aliniona, akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine, akaelewa.

"Umefanya nini?"

"Nimekwepa mkono."

Akakaa kwenye ngazi. Nilidhani atanikumbatia. Wallahi, njia nzima nilikuwa naota hivyo, kwamba tutalia kidogo, halafu tutacheka, halafu tutakula mishkaki.

"Wewe mtoto," akasema taratibu, "unajua kusema vile kumenigharimu nini? Nilitoka kwenye chumba cha watu, nikasimama kwenye choo chao, nikakukana. Nimekukana ili wao wakupokee. Sasa umenifanya nimekukana bure."

"Ningeolewaje na uongo ule?"

"Kama wanavyoolewa wengine! Unafikiri mimi nimeishi na nini miaka yote hii? Na ukweli?"

"Yameisha, Mjomba. Twende nyumbani."

"Usiniite hivyo." Akanyanyuka, akapangusa suruali. "Nimeshatamka mbele ya wazee."

Nilidhani ni hasira, zitapita. Hazikuwa hasira. Kwa wazee wetu neno la mjomba kwenye mkeka halirudi, na mama mkubwa amelisambaza ukoo mzima, wengine wakashukuru: sasa si wetu, amejitoa mwenyewe. Kumbe walikuwa wanatafuta mlango na yeye akawafungulia. Kwenye msiba wa juzi hatukuitwa, si yeye wala mimi.

Tunaishi bado chumba na sebule, siku hizi nyumba nyingine, kwa mwenye nyumba asiyeuliza. Anapika, ananiachia sehemu yangu, anakunja khanga zangu za biashara vizuri kuliko mimi. Nikimwita Mjomba haitiki. Namwita kila asubuhi. Wateja wananiambia nitapata mwingine, mimi bado mbichi, na mimi naamini, kwa sababu kutoamini sikufundishwa. Mwezi uliopita mama mkubwa alipita barazani kwangu, akajifanya anachagua vitenge, akasema kuna kijana mwingine ameulizia, watu wa Mbagala, wapole.

"Ila watauliza," akasema. "Nani atakusimamia?"

"Aliyenilea."

"Si alikukana, mwanangu? Mbele ya watu?"

Jioni nikamsimulia Mjomba, yuko jikoni, mgongo kanipa. Nikamwambia wakija nitawaleta hapa hapa, mkeka nitautandika sebuleni, na mkono ninaoutaka ni mmoja. Nikasubiri. Alimaliza kukuna nazi, akaipangusa mbuzi, akaiegemeza ukutani. Kisha akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio.